Kabati la Televisheni na Uso wa Sebule

Uhakiki, kwa desturi yetu, hufanywa juu ya mashairi, tamthilia, ngoma na vinyago. Ni nadra mhakiki kusimama mbele ya kabati. Hata hivyo, kabati nalo ni kazi ya mikono ya binadamu. Lina umbo, lina kusudi, na lina walitumiao. Na kwa kuwa hukaa nyumbani miaka ishirini au thelathini likitazamwa kila siku, huenda likawafunza watoto wetu mengi zaidi juu ya uzuri kuliko diwani isomwayo kwa ajili ya mtihani. Nasema haya nikiwa mtunzi wa mashairi, wala sioni fahari kuyasema.

Lililonisukuma kuandika ni jambo dogo. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, aishi Murungu katika Wilaya ya Kibondo. Mwaka jana alinunua televisheni, na kwa kuwa mimi nimekaa mijini miaka mingi kwa ajili ya kazi ya Serikali, aliniomba nimsaidie kuchagua kabati la kuiweka. Tulizunguka siku tatu. Tulianza kwa mafundi wa Murungu, tukaenda Kibondo mjini, kisha tukafika Kasulu. Tuliingia katika karakana na maduka, na pia katika sebule za jamaa na marafiki. Niliyoyaona huko ndiyo ninayoyahakiki humu.

Yafaa mwanafunzi ajue kwanza kwamba chombo hiki kina umri mfupi katika nyanda hizi. Zanzibar ilipata televisheni, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara, Serikali iliiona kuwa ni anasa ya wachache katika nchi ambayo wengi walikuwa bado wanatafuta maji na shule. Vituo havikuanza mpaka mwaka 1994, navyo vilikuwa vya watu binafsi, na televisheni ya taifa ikafuata miaka michache baadaye. Hata hapo, vijiji vya Kibondo na Kasulu vilibaki na redio. Mijini palikuwa na umeme wa mashine za dizeli, ambao ulikuja na kuondoka. Vijijini waliojiweza waliweka paneli za jua juu ya bati. Gridi ya taifa ilizifikia nyanda hizi kwa njia ya Nyakanazi mwaka 2022. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za Murungu kabati la televisheni ni chombo ambacho babu hakukiacha na baba hakukinunua. Hakuna mfano wa kurithi, na asiye na mfano wa kurithi huiga cha jirani.

Redio ya marehemu baba ilikaa juu ya kibao kilichopigiliwa ukutani, mahali mikono ya watoto isipofika, imefunikwa kitambaa alichokidarizi mama. Hakuna aliyeitazama. Jioni tulipukuchua mahindi tumekaa duara, tukisikiliza taarifa ya habari huku tukionana nyuso. Redio hudai sikio peke yake, macho na mikono hubaki mali ya mwenyewe. Televisheni hudai uso mzima. Na kwa kuwa hudai uso, yule anayeamua mahali pa kuiweka huwa ameamua pia watu wa nyumba ile wataelekea wapi. Hapo ndipo kabati linapoacha kuwa samani tu.

Katika nyumba za nyasi za duara, ambazo wazee wetu Waha walikaa, moto ndio uliokuwa kitovu. Nao moto hauna mbele wala nyuma, wanaouzunguka huelekeana. Watu walipohamishiwa katika vijiji vipya mwanzoni mwa miaka ya 1970, tulipata nyumba za pembe nne zilizopangwa kwa mstari, na ndani yake tukapata sebule. Kwa muda mrefu ukuta wa mbele wa sebule ulikuwa na picha ya Baba wa Taifa, kalenda, na labda picha ya arusi. Viti vilipangwa kuzunguka meza. Leo katika nyumba nne kati ya tano tulizoingia, viti vimepangwa kama vya basi, vyote vinatazama mbele, na mbele hapana dereva.

Katika nyumba moja ya Kibondo niliona jambo ambalo bado halijanitoka moyoni. Mzee mmoja aliingia kusalimia. Waha ni watu wa salamu ndefu: watu hushikana mikono, huulizana habari za watoto, za ng'ombe, za mashamba, na hakuna aliye na haraka ya kumaliza. Mzee yule, ili awafikie wenyeji, ilimbidi apite katikati yao na kioo. Alipita ameinama, kama mtu apitaye mbele ya waswalio. Vijana walisogeza vichwa upande ili wasikose kinachoendelea. Salamu ilikwisha kwa maneno matatu, na mzee akaonyeshwa kiti cha nyuma. Sidhani kwamba vijana wale ni watovu wa adabu. Wangekuwa wamekaa duara, wangeinuka. Sebule ilikuwa imepangwa hivi kwamba adabu isipate pa kupita.

Sasa nije kwenye makabati yenyewe.

Aina ya kwanza ndiyo ishangiliwayo zaidi: kabati la ukuta mzima, lenye tundu kubwa katikati, nguzo za kuchonga kila upande, vioo, na rafu za vikombe ambavyo havijanywewa chai tangu vinunuliwe. Umbo hili lilibuniwa wakati televisheni ilikuwa sanduku zito lenye kisogo kirefu. Ya inchi 21 ilihitaji kina cha karibu nusu mita. Televisheni za leo ni nyembamba kama daftari nene. Lakini mafundi wanaendelea kuchonga tundu lile lile kwa sababu wateja wanaendelea kuliagiza, na chombo chembamba husimama ndani yake kama mtoto aliyevaa koti la babu yake, vumbi jekundu likijaa nyuma. Nguzo zile hazibebi kitu. Nilizigonga kwa kidole: zimegundishwa kwa mbele tu. Sisi watunzi tunalifahamu kosa hili, kwani ni shairi lenye vina vya kupendeza huku mizani imepotea. Msikilizaji husifu mwisho wa kila mshororo, asijue kwamba katikati hapana kitu.

Hata hivyo nisiwe mchoyo wa sifa. Katika karakana moja ya Kasulu tuliona kabati kubwa la mninga ambalo milango yake ya chini ilikuwa kazi safi kabisa. Ubao wa kati ulikuwa umeingizwa katika mifereji ya fremu bila gundi, ili upate nafasi ya kutanuka masika na kusinyaa kiangazi. Viungo vilikuwa vya ulimi na tundu, bila msumari hata mmoja. Fundi aliyefanya hivyo anayajua maumbile ya mti. Kwa nini basi juu ya kazi hiyo aliweka taji la maua ya plasta na kulipaka rangi ya dhahabu? Nilimwuliza. Akanijibu kwamba bila taji halinunuliki. Jibu hilo linatuhukumu sisi wanunuzi kabla ya kumhukumu yeye.

Aina ya pili huletwa na magari kutoka mbali, likiwa vipande ndani ya boksi. Limetengenezwa kwa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, na juu yake pamebandikwa karatasi yenye picha ya mti. Linang'aa, na bei yake huvutia. Lakini nyumba zetu hupigwa deki kila asubuhi. Maji huingia katika miguu ya kabati hilo, unga ukavimba kama andazi, karatasi ikabanduka, na skrubu zikakosa pa kushika. Hakuna seremala awezaye kulitengeneza, maana hakuna mbao ndani yake ya kurandwa upya. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Kibondo ina miti na ina wajenzi. Wanaokosekana ni wanunuzi.

Aina ya tatu si kabati: ni vyuma vya kutundikia televisheni ukutani. Katika nyumba ya matofali ya kuchoma yenye ukuta imara si vibaya. Katika ukuta wa udongo ni kutafuta balaa. Na mwenye vyuma bado atahitaji mahali pa king'amuzi. (Neno hili, king'amuzi, lililoenea tulipoacha mitambo ya analojia, kuanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, ni katika maneno mazuri tuliyojaliwa na zama hizi. Ni chombo kinachong'amua. Laiti nasi tungeng'amua sana tunayoyatazama.)

Wapo watakaosema: mwandishi huyu anachukia vya kigeni. La hasha. Nilipokuwa kazini pwani nilijifunza kuyapenda makasha yenye njumu za shaba. Mengi yalitoka Bara Hindi, na hata neno kasha, kama neno meza, tulilipata kwa Wareno. Lakini watu wa pwani walilipokea kasha wakalipa kazi ya kwao: likatunza nguo za bibi arusi, hati za shamba, manukato na siri za nyumba. Kilichoingia kikiwa mgeni kikawa mwenyeji kwa sababu kilitumikia maisha yaliyokuwapo. Tena kasha lina sifa moja ambayo kabati la televisheni la siku hizi limeikosa: kasha hufungwa.

Nilimshauri shemeji hivi. Achague kabati fupi, lenye milango miwili ya kufunika kioo. Televisheni yake ni ya inchi 32. Watu wengi hudhani hizo ni upana, kumbe hupimwa kutoka kona hadi kona, na upana wenyewe ni kama sentimita 71. Kwa hiyo nafasi ya sentimita 80 inatosha, na kina cha 40. Kimo cha mahali inapokaa kisizidi sentimita 50. Hapa tulibishana, kwa sababu makabati mengi huiinua televisheni mpaka kifuani mwa mtu aliyesimama. Lakini nani hutazama akiwa amesimama? Wakubwa wako vitini, na watoto wako mkekani, macho yao yakiwa chini zaidi. Kabati refu hupimwa kwa jicho la mgeni wa mlangoni, na watoto wa mkekani hulipa kwa shingo zao. Kitako kiwe kipana na kizito, maana mtoto hupanda droo kama ngazi, na televisheni nyembamba huanguka kwa urahisi kuliko ile ya zamani. Nyuma pawe na matundu ya kupitishia nyaya na kutolea joto.

Kuhusu mti, nilisema mninga, lakini mdogo. Mninga ukikatwa hutoa utomvu mwekundu, na aliyeuona mara moja hausahau. Hukua polepole, mti uliotoa ubao mpana wa kabati huenda ulikuwa umesimama kabla babu zetu hawajazaliwa. Kuufanya mti huo nguzo za urembo zisizobeba kitu ni ubadhirifu, hata kama mbao zimepatikana kwa kibali halali. Kabati dogo lililoungwa vizuri laweza kurithiwa na mjukuu, ambaye huenda ataweka ndani yake kitu ambacho sisi hatujakisikia. Mafremu yanayojificha yaweza kuwa ya msonobari.

Shemeji alisikiliza kwa adabu, kisha akapinga. Milango, alisema, ni gharama ya bure: itafunguliwa siku ya kwanza na haitafungwa tena. Zaidi ya hayo alitaka kioo cha kujitazamia na taa ndogo za rangi, kama alivyoona kwa jirani. Nakiri kwamba hoja yake ya kwanza ina nguvu. Mlango haufungi wenyewe. Walimu nao wataniambia kwamba tatizo ni vipindi wala si kabati, na kwamba nyumba yenye kipindi cha maana haina haja ya kufunika kitu. Nami nasema hata kipindi cha maana hakipaswi kumfanya mzee apite ameinama katika nyumba ya mwanawe. Mlango uliopo waweza kufungwa. Usiokuwapo hakuna wa kuufunga.

Tulikuwa kwa seremala wa Murungu wakati huo. Alikuwa amekwisha kuchora kabati kwa kijiti mavumbini, mara refu, mara fupi, kadiri sisi wawili tulivyobishana. Dada yangu, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, ndiye aliyeuliza swali moja tu.

"Kaka, mgeni akija, nani atakayeinuka kuifunga hiyo milango?"

Sikuwa na jibu. Shemeji alicheka. Fundi, bila kuinua macho, alisema kwamba nyumbani kwake angekuwa mtoto aliye karibu na mlango, kama anavyoinuka kumpa mgeni kiti. Dada akaomba droo mbili chini za kuwekea madaftari ya watoto, kimo kibaki kile kile. Kioo kikafutwa mavumbini kwa mguu. Taa za rangi zikabaki jambo la kuzungumzwa. Fundi alipokea malipo ya awali, akatuonyesha mbao zilizopangwa kivulini nyuma ya karakana, akazigonga moja moja na kusikiliza. Zilikuwa bado mbichi. Alituambia turudi baada ya mavuno ya maharage.