Ghorofa, Mnara na Shindano: Uhakiki wa Lugha ya Majengo Marefu

Makala haya yanahakiki istilahi zinazotumiwa kutangaza majengo marefu katika miji yetu inayokua, hususan Dar es Salaam na Zanzibar. Hatukusudii kuamua kama majengo hayo yafaa kujengwa au hayafai. Hilo ni jukumu la wenye mji na wataalamu wao. Tunalouliza ni hili: je, mwananchi asomaye tangazo la jengo kwa Kiswahili anaweza kujua ni kitu gani kitakachosimama mbele ya mlango wake? Jawabu letu, baada ya kuyapima maneno machache yaliyo ya lazima, ni kwamba mara nyingi hawezi. Kosa si la lugha. Ni la watumiaji waliochukua maneno mazuri wakayatumia bila mipaka.

1. Ghorofa

Neno ghorofa, ambalo wengine hulitamka gorofa au orofa, lina asili ya Kiarabu ghurfa, yaani chumba, na hasa chumba cha juu. Maana hiyo ya 'juu' haijapotea. Mtu wa Dar es Salaam akisema 'nyumba ya ghorofa moja', ana maana ya nyumba yenye sehemu ya chini na sehemu nyingine moja juu yake. Sehemu ya chini haimo katika hesabu yake.

Sasa tutazame lugha ya wahandisi, ambayo aghalabu hutafsiriwa kutoka Kiingereza. Waingereza na Wamarekani hutofautiana katika kuzipa namba sakafu za jengo, walakini wote wanapotaja urefu wa jengo huihesabu na sehemu ya chini. Kwa hiyo nyumba tuiitayo ya ghorofa moja, kwao ni ya mbili. Mfasiri anayechukua tarakimu yao na kuibandika kwenye neno letu bila kuirekebisha, ameliongezea jengo kimo ambacho halina. Tukiongeza vyumba vya mitambo vilivyo juu ya paa na maegesho yaliyo chini ya ardhi, ambavyo wengine huvihesabu na wengine huviacha, hesabu huzidi kupotea. Mathalani jumba la mikutano la KICC la Nairobi, lililokamilika mwaka 1973, hutajwa kuwa na ghorofa 28, na mahali pengine hutajwa kuwa na zaidi ya 30. Jengo ni lile lile.

Kuna utata wa pili. Ghorofa ni sehemu ya jengo, na papo hapo ni jengo zima. Tukisoma kwamba 'kampuni itajenga ghorofa tatu mtaani', hatujui kama ni majengo matatu au ni jengo moja lenye sehemu tatu. Utata wa tatu uko chini ya ardhi. Husemwa 'ghorofa ya chini ya ardhi', jambo ambalo kwa asili ya neno ni sawa na kusema chumba cha juu kilicho shimoni.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mabishano ya watu wa kamusi. Tarehe 29 Machi 2013 jengo lililokuwa linajengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakafa. Katika misiba ya namna hii, miongoni mwa maswali ya kwanza ni ya hesabu: kibali kiliruhusu ghorofa ngapi, zimejengwa ngapi, na chini pamechimbwa kiasi gani? Jirani hawezi kuyauliza maswali hayo kabla ya msiba ikiwa neno lenyewe linampa majawabu matatu.

Wako waliowahi kufikiria neno tabaka, kwa kuwa katika Kiarabu hutumika kwa sehemu za jengo. Sisi hatuliungi mkono. Jengo la matabaka thelathini lingeeleweka vingine kabisa kwa kila aliyesoma Azimio la Arusha. Neno ghorofa libaki, maadam watu wamelizoea. Kinachotakiwa ni kuliwekea mipaka.

2. Mnara

Ama kuhusu neno mnara, hapa hali ni nyingine. Neno hili limetoka katika Kiarabu manara, mahali pa nuru. Minara tunayoijua pwani ni mnara wa msikiti, mnara wa taa unaoongoza vyombo baharini, na Mnara wa Mbaraki huko Mombasa. Baadaye umekuja mnara wa saa, kama ule wa Dar es Salaam uliojengwa kukumbuka mji huo kupewa hadhi ya jiji mwaka 1961, na kisha mnara wa simu. Yote hii ina sifa moja: kimo chake ndiyo kazi yake. Huinuliwa ili sauti, nuru, saa au mawimbi yafike mbali. Si maskani.

Wazee wa Zanzibar waliijua tofauti hii. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 wakati wa Sayyid Barghash, ilikuwa jengo refu kuliko yote mjini na mojawapo ya majengo ya kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Juu ya hayo, haikuitwa mnara. Iliitwa jumba, na mnara wa saa ulioshikamana nalo ukaitwa mnara. Sehemu ya mbele ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na hadi leo tunaweza kusimulia tukio hilo bila kuchanganya kitu na kitu, kwa sababu kila kimoja kilipewa jina lake.

Leo jengo la ofisi, maduka na makazi likizidi urefu fulani huitwa mnara, na yakiwa mawili huitwa minara pacha. Tunatambua kwamba lugha hukua kwa kupanua maana, na hatuna nia ya kumzuia mwenye mali asiliite jengo lake jina alitakalo. Lakini jina la heshima si istilahi. Neno mnara linapoingia katika kibali au tangazo la mipango miji, huondoa machoni pa msomaji yale yanayomhusu zaidi. Mnara hauulizwi maji ya choo yatakwenda wapi, jengo huulizwa. Mnara hauulizwi ngazi za kukimbilia moto ziko ngapi, magari ya wapangaji yatasimama wapi, wala kivuli chake kitaangukia uwanja wa nani.

Mwaka 2021 lilitangazwa pendekezo la jengo la Fumba, Unguja, lenye ghorofa 28 na kimo cha mita 96, litakalojengwa kwa sehemu kubwa kwa mbao. Kwa fundi, jambo la kujadiliwa hapo ni mbao: nguvu zake, moto, chumvi ya bahari, mchwa. Jina lake ni Burj Zanzibar. Bila shaka jina hilo linatazama Dubai, ambako Burj Khalifa yenye mita 828 ilifunguliwa mwaka 2010. Waswahili wana neno hilo hilo tangu zamani: waalimu wa falaki huzitaja buruji kumi na mbili za nyota. Basi neno lililokwisha kuingia na kutulia katika lugha yetu limeletwa tena kwa umbo la kigeni, kana kwamba halijapata kufika. Kwa jina la biashara si kosa. Kwa wanaistilahi ni onyo kwamba fahari ya neno inaweza kufunika habari ya kitu.

3. Shindano na zabuni

Miji mingi duniani hupata majengo yake makuu kwa kuwashindanisha wasanifu. Utaratibu huu una hatua zake, na kila hatua yadai neno lake. Magazeti yetu hutumia maneno shindano, mashindano na zabuni kana kwamba ni kitu kimoja. Zabuni hushindaniwa kwa bei na uwezo wa kutekeleza kazi ambayo tayari imekwisha kuelezwa. Shindano la usanifu hushindaniwa kwa wazo: kazi yenyewe bado haina umbo, na linalotafutwa ni hilo umbo.

Mfano ulio wazi ni shindano la mwaka 1922 la gazeti la Chicago Tribune, mjini Chicago, wakati mji huo ulipokuwa ukikua kwa kasi. Michoro zaidi ya 260 ilipelekwa kutoka nchi nyingi. Waliotunukiwa nafasi ya kwanza ni John Mead Howells na Raymond Hood, na jengo lao likakamilika mwaka 1925. Mfini Eliel Saarinen alishika nafasi ya pili. Hakujengewa kitu, lakini mchoro wake uliigwa na wasanifu wengi wa majengo marefu ya Marekani miaka iliyofuata. Kama lingekuwa suala la zabuni, mshindwa asingekumbukwa na mtu. Katika shindano, mchoro ulioshindwa nao ni mali ya umma, maana watu wameuona na kujifunza kwamba uwanja ule ungeweza kupata kitu kingine.

Hiyo ndiyo sababu ya kuutetea mpaka wa maneno haya. Mwananchi akiambiwa 'zabuni imefungwa' huona mlango umefungwa. Akiambiwa kuna shindano, ana haki ya kuuliza: masharti yalikuwa yapi, michoro mingine iko wapi, nani walikaa katika jopo la majaji, na kwa nini wamechagua huu?

Hapa pia kuna jina la mtaalamu mwenyewe. Nchini Tanzania jina lililo rasmi ni mbunifu majengo, kama lionekanavyo katika Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Nchini Kenya aghalabu husemwa msanifu majengo. Neno ubunifu siku hizi limebebeshwa mengi: mwenye programu ya simu ni mbunifu, mshona nguo ni mbunifu. Tangazo la 'shindano la ubunifu' litamletea mwandaaji kila kijana mwenye wazo. Hatuna haja ya kuibadili Bodi jina lake. Twasema tu kwamba kitendo kiitwe usanifu. Tunasema Beda Amuli alisanifu Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, na hakuna asiyetuelewa.

4. Mchoro, picha na wakati wa kitenzi

Mchoro wa wazo, michoro ya ujenzi, na ile picha yenye rangi inayoonyesha jengo likimeremeta jioni, vyote huitwa ramani au mchoro. Picha hiyo ndiyo hatari kuliko vyote. Ndani yake barabara ni tupu, miti imekomaa, hakuna daladala wala mama lishe. Gazeti huichapa na kuandika chini yake: 'Jengo hili lina ghorofa sabini.' Lina? Mwaka 2017 jijini Nairobi ulizinduliwa mradi wa The Pinnacle, uliotarajiwa kufikia ghorofa 70 hivi na kimo cha zaidi ya mita 300, ujenzi ukakwama. Kiswahili kina viambishi vya kutenganisha kilichopo na kitakachokuwapo. Mwandishi asemaye 'lina' mahali pa 'litakuwa na' hakuishiwa istilahi, ameiuza sarufi.

5. Mapendekezo

Kwa muhtasari tunapendekeza yafuatayo:

(a) Jengo zima liitwe jengo refu, na wingi wake majengo marefu. Mnara ubaki kwa kitu ambacho kimo chake ndiyo kazi yake, na kwa majina ya pekee.

(b) Ghorofa iwe ni sehemu iliyo juu ya sakafu ya chini. Zilizo chini ya ardhi ziitwe sakafu za chini ya ardhi. Kibali kiandike zote tatu pamoja na kimo kwa mita, kwa mfano: sakafu ya chini, ghorofa 9, sakafu 2 za chini ya ardhi, mita 34.

(c) Shindano la usanifu litenganishwe na zabuni.

(d) Picha ya jengo lisilojengwa iandikwe 'picha ya kubuni', na kitenzi chake kiwe cha wakati ujao.

(e) Pale watu walipokwisha kukubaliana, tusiwasumbue. Kambarau imo kamusini, lakini wapandaji wote husema lifti. Libaki lifti.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria Tanzania. Maneno tuliyoyapima hapa hayatabaki magazetini tu. Yataingia katika vibali, mikataba na hukumu. Neno lisilo na mpaka likiisha kuingia humo, gharama ya utata wake hailipwi na mfasiri wala na mwenye jengo. Hulipwa na anayeishi chini yake. Tunawaomba wasomaji wetu, hasa mafundi, wahandisi na maofisa wa mipango miji, watuletee maneno wanayoyatumia kazini, hususan ya sehemu za chini ya ardhi, ambako lugha yetu ya ujenzi ingali changa.