Saa Nane au Masaa Manane? Uhakiki wa Lugha ya Maelekezo ya Dawa katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

1. Utangulizi

Maelekezo ya dawa ni matini fupi ambayo mara nyingi ndiyo pekee anayorudi nayo mgonjwa nyumbani. Hata hivyo, uhakiki wa tafsiri za Kiswahili umeipa nafasi ndogo ukilinganisha na fasihi, sheria na istilahi. Makala haya yanahoji kama usanifu wa sentensi unatosha kuifanya tafsiri ya maelekezo hayo kuwa nzuri. Hoja inayotetewa ni kwamba tafsiri ya aina hii ipimwe kwa kitendo anachokifanya msomaji. Kwa kigezo hicho, baadhi ya miundo iliyo sanifu hushindwa pale ambapo muundo unaokemewa na walimu hufaulu.

Eneo linalohusika ni pwani ya Palma na Mocímboa da Praia, kusini mwa Mto Ruvuma, ambako husemwa Kimwani, Kimakonde, Kimakua na Kiswahili, huku Kireno kikiwa lugha rasmi ya Msumbiji. Tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya tarehe 5 Oktoba 2017, watu wengi wameyahama makazi yao, na vituo vingi vya afya vimeharibiwa au kufungwa. Mgonjwa asiye na muuguzi wa kumrudia hana budi kuyategemea maneno aliyopewa mara moja.

2. Saa kama wakati na saa kama muda

Maelekezo ya Kireno husema *de 8 em 8 horas*. Tafsiri sanifu ni “kila baada ya saa nane”. Sarufi yake haina dosari, lakini maana yake imegawanyika. Kwa kuwa msemaji wa Kiswahili huanza kuhesabu saa za mchana tangu kuchomoza kwa jua, “baada ya saa nane” yaweza kumaanisha baada ya muda wa saa hizo kupita, au alasiri, baada ya wakati ambao Kireno huuita *14 horas*. Kwa aliyezoea kuhesabu saa kwa Kireno shuleni, kuna maana ya tatu: saa mbili asubuhi.

Athari ya utata huo huonekana katika dawa mseto ya malaria yenye artemetha na lumefantrini. Mtu mzima mwenye kilo 35 au zaidi humeza vidonge 24 kwa siku tatu, vinne kila mara, kwa dozi sita. Dozi ya pili humezwa masaa manane baada ya ya kwanza. Zinazofuata humezwa asubuhi na jioni. Artemetha huua vimelea wengi kwa haraka, lakini hutoka mwilini mapema. Lumefantrini hubaki kwa siku kadhaa ili kuwamaliza waliosalia, nayo hufyonzwa vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta.

Mgonjwa aliyeanza dawa saa saba mchana, akaambiwa ameze tena “baada ya saa nane”, aweza kumeza dozi ya pili baada ya muda wa saa moja tu. Aliyeanza saa kumi alasiri aweza kusubiri hadi saa nane mchana wa kesho yake, yaani muda wa saa ishirini na mbili. Wote wawili watakuwa wametii sentensi waliyopewa.

Wasemaji wengi wamekwisha kuutatua utata huu. Husema “saa nane” kwa wakati na “masaa manane” kwa muda. Wanasarufi hulikemea umbo *masaa* kwa hoja kwamba *saa* haichukui kiambishi *ma-* katika wingi. Hoja hiyo inaeleweka katika mtihani wa lugha. Katika bahasha ya dawa, hata hivyo, kiambishi hicho kinabeba tofauti ya maana ambayo umbo sanifu limeipoteza. Anayesisitiza usanifu anayo njia nyingine, “kila unapopita muda wa saa nane”, ambayo ni ndefu zaidi lakini haina utata. Kinachopingwa hapa ni kuridhika na sentensi kwa sababu tu haina kosa la sarufi.

3. “Kutwa mara tatu” na “1 x 3”

Upande wa Tanzania, maelekezo yaliyozoeleka ni “kutwa mara tatu” au “1 x 3”. Neno *kutwa* ni mwenza wa *kucha*, kama katika “usiku kucha na mchana kutwa”. Mwenye kulisikia kwa maana hiyo atamaliza dozi zote kabla ya magharibi. Amoksisilini huua bakteria kwa kuzuia ujenzi wa ukuta wa seli zao, nayo hutoka mwilini kwa haraka. Pengo refu la usiku huwapa bakteria nafasi ya kupumua. Nayo “1 x 3” yaweza kusomwa kuwa kidonge kimoja kwa siku tatu.

Kitenzi nacho hakina budi kuchaguliwa kwa uangalifu. Parasetamoli hushusha homa na kutuliza maumivu, lakini haiui vimelea vya malaria. Kusema kwamba “inatibu homa”, mahali ambapo homa na malaria huchanganywa katika usemi, ni kumpa mgonjwa sababu ya kuiacha dawa mseto mara tu joto linaposhuka.

4. Mipaka ya Kiswahili sanifu

Suluhisho si kuvusha bahasha za Mtwara hadi Palma. Wanaisimu wamejadiliana kama Kimwani ni lahaja ya Kiswahili au lugha jirani yake. Kwa vyovyote, ukaribu wake na Kiswahili hauthibitishi kwamba Mmwani ataelewa kila neno sanifu. Hata saa za pande mbili za Ruvuma hazilingani: Msumbiji iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja.

Nyakati za sala hazitegemei tofauti hiyo. Alfajiri, adhuhuri na isha hupishana kwa muda unaokaribia masaa manane, pungufu kidogo mchana na zaidi kidogo usiku. Kwa Waislamu wa pwani hiyo, nyakati hizo zaweza kufaa kuliko tarakimu. Kwa wasio Waislamu, milo na jua vitumike. Mwezi wa Ramadhani utahitaji maelekezo yake.

5. Hitimisho

Katika karne ya 19, utawala wa Kireno ulipokea barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu kutoka kwa watawala wa pwani hii. Mwaka 2019, SADC, ambayo Msumbiji ni mwanachama wake, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Hadhi hiyo itapata maana Palma iwapo mambo matatu yatazingatiwa: maelekezo yatofautishe muda na wakati; yaandaliwe pia kwa Kimwani, Kimakonde na Kimakua pamoja na wasemaji wenyewe; na kabla ya kuchapishwa, mgonjwa aombwe aoneshe atakavyomeza dawa, siku na nyakati zote. Jibu lake ndilo litakaloamua kama tafsiri ni sahihi.