Mwana Kupona aliwaita wanawake wasome

NIMESIKIA tena wasomi wenzangu wakitaka Utendi wa Mwana Kupona uondolewe kwenye orodha ya vitabu vyuoni, ati kwa kuwa unamfunza mwanamke utumwa wa ndoa. Wanaoutetea nao husema ni hazina ya adabu za mke. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimesoma kipande tu.

Lawama nyingine nawatupia wahariri. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha 1934, waliupa anwani ya Kiingereza inayoufanya kuwa ushauri kuhusu wajibu wa mke. Anwani hiyo imeuganda kama kupe.

Hebu turudi kwenye matini. Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, aliutunga yapata 1858, akiwa mgonjwa na tena mjane. Mumewe, Bwana Mataka, kiongozi wa Siyu aliyepambana na Seyyid Said wa Zanzibar, alikuwa amefariki 1856. Sasa tazama: jambo la mwanzo analomwagiza bintiye, Mwana Hashima, si kupika wala kutandika. Ni kutwaa wino na karatasi! Kisha anamhimiza ashike dini, awe na adabu, awe mkweli. Mume anafuata baadaye.

Ni kweli kwamba akishafika kwa mume, ushauri wake ni mzito. Radhi za mume amezifungamanisha na pepo ya mke, na sitaupaka jambo hilo rangi.

Lakini wangapi wetu hufika mwisho wa utenzi? Huko anaomba dua, anataja idadi ya beti na mwaka wa Hijria, halafu anawaita wanawake wote wasome na waelewe maana. Mtunzi hawaiti wasomaji asiowatarajia. Mwito huo ni ushahidi kwamba katika visiwa vya Lamu, karne ya 19, mama huyu alijua wapo wanawake wa kuusoma utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu.

Wakati uo huo kule Sokoto, Nana Asma'u (1793–1864) alikuwa akitunga kwa Kifulani, Kihausa na Kiarabu, na kuwaandaa wanawake waende vijijini kuwafundisha wenzao. Yeye huitwa msomi bila ubishi. Huyu wetu tumembandika jina la mke mwema, basi.

Wanaotaka utenzi huu uondolewe watuonyeshe kwanza matini nyingine ya zama hizo ambamo mwanamke wa pwani yetu anawaita wenzake wasome.