Jiko la Juu na Chokaa Yake

Katika nyumba za mawe za Lamu, kwa kawaida jiko halikuwekwa chini. Liliwekwa juu kabisa, chini ya paa la makuti, ili moshi na joto vitoke bila kupita katika vyumba vya kulala. Mpango huo ni wa busara, lakini unamtwika mwashi kazi ngumu. Sakafu inayomwagiwa maji kila siku, inayoangukiwa na michi na kubeba meko, imelazwa juu ya boriti za mikoko, na chini ya boriti hizo kuna chumba cha watu. Anayetaka kulifufua jiko la namna hii kwa mikono yake aanzie hapo, kwani kila atakaloamua baadaye, kuanzia lipu hadi bomba, linategemea hilo.

Nimeifanya kazi hiyo katika nyumba ya ukoo wetu, nikiongozwa na mzee mmoja ambaye ni mwashi tangu ujana wake. Jambo la kwanza alilonifundisha ni kuitazama nyumba. Kuta ni za mawe ya matumbawe, unene wake ni kama nusu mita, na zimeshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Upana wa chumba hauzidi sana mita 3, kwa sababu boriti ya mkoko ikirefuka zaidi ya hapo hupinda kwa uzito. Waashi wa kale hawakuushindania mpaka huo. Waliporidhika na upana, walikirefusha chumba, na ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba.

Majiko mengi ya zamani leo yamepigwa lipu ya saruji. Saruji ya Portland, iliyopewa hataza Uingereza mwaka 1824, inafaa sana kwa ujenzi wa matofali na nondo. Juu ya matumbawe, kazi yake hubadilika. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, hunywa unyevu wa ardhi na wa hewa, kisha huutoa. Saruji ni ngumu na imeshikamana, hivyo huuzuia unyevu huo ndani. Maji yakitafuta njia hubeba chumvi, na chumvi ikikauka nyuma ya lipu hugeuka fuwele zinazolisukuma jiwe mpaka limomonyoke. Kwa nje unaona lipu imevimba. Kwa ndani ukuta umekuwa unga. Jikoni, penye mvuke wa wali na maji ya kuoshea vyombo, balaa hilo huja mapema zaidi kuliko chumba kingine chochote.

Basi kazi huanza kwa kubandua. Mzee hukigonga kila kipande cha ukuta kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Penye sauti nzito, lipu imeshika, naye huiacha. Penye sauti ya uwazi, huingiza tindo pembeni na kuibandua polepole, akilinda jiwe lililo nyuma. Chokaa ya kale iliyo nzima haiguswi hata ikiwa imeinuka na kuinama, kwa sababu imeshakomaa kwa miaka ambayo hakuna fundi anayeweza kuinunua. Baada ya hapo ukuta husuguliwa kwa brashi kavu, chumvi ikafagiliwa, kisha ukaachwa upumue.

Wakati ukuta unakauka, chokaa inaandaliwa. Matumbawe hupangwa juu ya magogo katika tanuu na kuchomwa. Moto ukifika takriban nyuzi 900, jiwe hutoa gesi ya kaboni dioksidi na kubaki jeupe na jepesi. Likimwagiwa maji, hufoka, huchemka na kupasuka, na hapo macho yafunikwe kwa miwani na mikono ivae glavu, maana chokaa hiyo huunguza. Inayotulia huhifadhiwa chini ya maji. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika, na waashi wazuri huitengeneza mapema kabla hawajajua ni ukuta gani wataupakia.

Mashimo makubwa hutomewa kwanza. Vijiwe vidogo husukumwa katikati ya mawe makubwa pamoja na udongo wa chokaa, kwa sababu chokaa pekee ikijazwa kwa unene hupasuka. Kisha ukuta hunyunyiziwa maji na lipu ya kwanza hurushwa kwa mwiko: kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga uliooshwa chumvi. Hapa ndipo nilipozidi kumstahi mzee. Mkono wake hautumii nguvu. Kifundo kinageuka, udongo unaruka na kujibana penyewe kwenye jiwe, na kila mrusho unagusa kidogo ule uliotangulia. Safu moja haizidi sentimita moja. Inafunikwa kwa magunia yenye unyevu isikaushwe na jua, na safu ya pili haiji mpaka ya kwanza ikatae alama ya ukucha. Saruji huganda kwa maji, lakini chokaa huirudia hewa, ikichukua tena ile kaboni dioksidi iliyoipoteza motoni na kuwa jiwe upya. Mabadiliko hayo huanzia juu na kuingia ndani taratibu. Hakuna fundi anayeweza kuyaharakisha. Kazi yake ni kuyapa kivuli na unyevu.

Sakafu inataka mikono mingi. Juu ya boriti na mawe bapa humwagwa kokoto za matumbawe na chokaa, halafu hupigiliwa. Zamani watu walipanga mstari na mapigilio ya mbao, wakaimba ili mapigo yaende pamoja. Mdundo huo ulikuwa na kazi: pigo lisilo sawa huacha mahali palegevu, na mahali palegevu ndipo maji yatakapoingilia. Sakafu hupigiliwa na kuloweshwa siku baada ya siku mpaka mapovu ya hewa yaishe na uso uwe laini. Mteremko wake kuelekea mtaro ni mdogo, hauonekani kwa macho, ila maji yanaujua.

Sinki na bomba vikija, viheshimu sakafu hiyo. Bomba lipite nje ya ukuta, paonekane panapovuja, kwa kuwa tone linalofichika huenda moja kwa moja kwenye ncha ya boriti iliyozama ukutani, na ncha hiyo ndiyo huoza kwanza. Boriti iliyochoka aibadilishe fundi, baada ya kuitegemeza dari. Mtungi wa gesi uwe mbali na makuti. Na kwa kuwa mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, ni vyema kutaka ushauri wa wahifadhi kabla nyundo ya kwanza haijapigwa.

Yaliyobaki, yaani kubandua, kutomea, kurusha lipu na kupigilia, mwenye nyumba anaweza kujifunza, na ninamshauri ajifunze. Lipu ya chokaa haimalizwi siku ya kukabidhi kazi. Hupakwa chokaa nyepesi kila mwaka, na nyufa ndogo huzibwa zingali ndogo. Fundi wa kulipwa hawezi kuwapo kila asubuhi kuona doa lililoongezeka nyuma ya sinki. Aliyeupiga ukuta kwa mkono wake huliona, hulijua lilitoka wapi, na chokaa ya kuliponya anayo tayari kwenye pipa. Nyumba hizi zimesimama kwa vizazi kwa sababu ya watu wa namna hiyo.