Jaketi Okozi la Mvuvi wa Tyubu

Kinyangiri hatuna ziwa. Tuna alizeti, tuna vitunguu, tuna ng'ombe, na mvua ikiwa nzuri tuna malambo. Anayetaka kuvua hufunga safari: ama ateremke kwenye bonde la Ziwa Kitangiri, ama aende Singida mjini, kwenye maji ya chumvi ya Ziwa Singidani. Matokeo yake ni kwamba wengi wetu tunaopenda kuvua hatujui kuogelea. Mtoto wa Ukerewe hucheza majini kabla hajajua kuhesabu. Sisi maji tuliyakuta kwenye ndoo.

Nasema hivi kwa sababu siku hizi kuna wanaovutiwa na uvuvi wa kukaa ndani ya tyubu. Unachukua tyubu ya lori, unaijaza upepo, unafunga turubai au wavu katikati pa kukalia, miguu inaning'inia majini, na ndoano iko mkononi. Ulaya na Marekani wanauza za kiwandani, zina kiti, egemeo la mgongo na mapezi ya kuvaa miguuni, ila siri ni ile ile: upepo ndani ya mpira. Na nchi hii ni ya migunga. Mwiba mmoja ulioingia mchana bila wewe kujua hufanya kazi yake taratibu ukiwa mbali na ufuo. Kwa hiyo tyubu ni kiti tu. Kinachokuokoa ni ulichovaa kifuani, na hicho ndicho tunachokitafuta hapa. (Kabla ya yote waulize wenyeji kuhusu viboko, mamba na kichocho. Penye viboko na mamba, hakuna jaketi litakalokusaidia, vulia ufukweni.)

Swali la kwanza ambalo wanunuzi wengi huuliza ni kama jaketi linaelea. Hata kipande cha ndala kinaelea. Jaketi hupimwa kwa mtu aliyelegea: aliyezimia, aliyepigwa na jua, aliyekunywa maji akaishiwa nguvu. Je, litamlaza chali, mdomo ukiwa juu ya maji, bila yeye kulisaidia? Kipimo cha kimataifa cha majaketi ya watu wazima ya melini kwa miaka mingi kilitaka jaketi limgeuze mtu aliyelegea ndani ya sekunde 5, mdomo wake ukae sentimita 12 juu ya maji. Sekunde 5 ni muda wa pumzi moja au mbili. Ukilishika jaketi dukani, lifikirie likifanya kazi hiyo peke yake.

Nguvu ya kuelea huandikwa ndani ya jaketi kwa nyutoni: 50, 100, 150, 275. Nyutoni 10 ni kama uzito wa kilo moja, kwa hiyo jaketi la 100 hubeba kilo kumi hivi. Mtu mwenye kilo themanini asicheke. Mwili karibu unaelea wenyewe. Kinacholemea ni kichwa, kilo nne au tano hivi, ambacho ndicho tunataka kibaki juu. Jaketi la 50 limetengenezwa kwa anayejua kuogelea na mwenye msaada karibu. Ni jembamba, halikubani mikono, na wavuvi wa tyubu wa ng'ambo wanalipenda kwa sababu hiyo. Lakini halikuahidi kukugeuza. Kuanzia 100 jaketi lina ukosi mnene nyuma ya shingo na povu jingi zaidi kifuani, na hapo ndipo kugeuzwa kunapopatikana. Kwa mtu wa bara kama mimi, uamuzi ni 100, hata likinifanya nionekane kama gunia la pamba. Na asiniambie mtu kwamba ufuo uko karibu. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kinakaribia gati la kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, watu wa nchi kavu wakitazama, na zaidi ya watu 220 wakafa.

Sasa tufungue tumbo la jaketi, maana uongo mwingi umefichwa humo. Zamani walijaza magome laini ya mti, yaani yale yale ya vizibo vya chupa. Huko Whitby, Uingereza, mwaka 1861, mashua ya waokoaji ilipinduka kwenye dhoruba na akapona mmoja tu, Henry Freeman, ambaye ndiye aliyekuwa amevaa jaketi la aina hiyo. Baadaye wakahamia sufi, ndiyo, sufi hii hii ya mito ya bibi zetu, kwa sababu kila unyuzi wake ni kama mrija mwembamba uliojaa hewa na kupakwa nta. Kasoro ya sufi ni kwamba ukiikalia mara nyingi mirija inavunjika, ikiloweshwa mafuta inakunywa maji, na jaketi linabaki na sura tu.

Leo ni povu, na mapovu ni ya aina mbili. Kuna la godoro, ambalo matundu yake yamefunguka: ukilibonyeza ndani ya ndoo linatoa hewa, ukiliachia linakunywa maji. Na kuna la ndala, ambalo kila tundu limefungwa lenyewe. Ndiyo maana wavuvi huzikata ndala zilizochakaa wakazifanya maboya ya nyavu. Jaketi la kweli lina povu la ukoo wa ndala, ila laini zaidi. Libonyeze kwa kidole gumba kwa nguvu, uhesabu hadi tano, uachie. Zuri hurudi polepole na kujaa tena. La godoro hurudi haraka mno, kama lina haraka ya kukuridhisha. Lililozeeka halirudi kabisa, linabaki na shimo, au linakatika ndani kwa sauti kama biskuti.

Usishawishike na uzito. Mwaka 1904 meli ya General Slocum iliwaka moto New York, wakafa zaidi ya watu elfu moja, wengi wao wanawake na watoto, na majaketi yake mengi yalikuwa yameoza. Katika uchunguzi uliofuata ikagundulika kiwanda kimoja kilikuwa kikitia vipande vya chuma ndani ya magome ili jaketi lifikishe uzito uliotakiwa na wakaguzi. Chuma, ndani ya jaketi okozi! Wala tusiseme ni mambo ya kale: Januari 2016 polisi wa Izmir, Uturuki, walikamata majaketi zaidi ya elfu moja yaliyokuwa yakishonewa wakimbizi na kujazwa vitu vinavyonyonya maji.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua jaketi zuri la rangi ya machungwa kwenye mnada. Muuzaji aliapa, "Kaka, hii orijino, ya melini kabisa," na maandishi yalikuwepo, ya Kizungu, yenye herufi moja iliyokosewa. Nililiweka kwenye pipa la maji jioni. Alfajiri lilikuwa chini.

Tangu hapo siamini muhuri, hata uwe wa TBS, shirika la viwango, mpaka pipa lithibitishe, kwa sababu muhuri huchapwa na yeyote mwenye mashine. Kipimo chenyewe ni hiki. Azima mawe ya mizani ya chuma kwa mwenye duka, yale ya kilo tano. Usitumie jiwe la kawaida. Jiwe likizama hupungua uzito kwa zaidi ya theluthi moja, litakudanganya. Chuma hupungua kidogo tu. Fungia mawe mawili kwenye mikanda ya jaketi la 100, litumbukize kwenye pipa la lita mia mbili, lishikilie chini ulikamue hewa iliyonaswa kwenye kitambaa, kisha uliachie. Lazima lipande na kuyabeba. Liache usiku kucha. Asubuhi likiwa bado limebeba, mrudishie mwenye duka mawe yake na umshukuru.

Mishono haihitaji maneno mengi. Uzi uwe wa nailoni, maana wa pamba huoza, na pale mkanda unapoungana na kitambaa kuwe na mshono wa kwenda na kurudi mara nyingi. Kwangua kitambaa kwa ukucha. Kikitoa unga wa rangi, jua limeshakila. Hapo mtumba mzuri hufeli. Bizimu za plastiki zifunge kwa mlio mkali, nawe uweze kuzifungua kwa mkono mmoja uliolowa, maana tyubu ikipinduka na miguu yako ikanasa kwenye kile kiti cha turubai utahitaji mkono wa pili.

Kisha livae. Kosa la wavuvi wa tyubu ni kulipima wakiwa wamesimama. Wewe utavua umekaa. Kaa kwenye kigoda, egemeza mgongo ukutani, inua mikono kama unayerusha ndoano. Jaketi refu la mgongoni litasukumwa na egemeo na kupanda hadi masikioni, kidevu kizame kama cha kobe. Baada ya nusu saa utalifungua, baada ya saa moja utalikalia, na jaketi la kukaliwa ni mto. Tafuta lililokatwa fupi, mgongo wa chini ukiwa wazi au wa wavu, povu limepelekwa kifuani na shingoni. Halafu mwambie mtu alikamate mabegani alivute juu kwa nguvu. Likipita mdomo, kaza mikanda. Likiendelea kupita, si lako, hata kama ni zuri kwa mwenzako. Wenye mkanda wa kupita mapajani wamebarikiwa.

Majaketi yanayojaa upepo yenyewe siyapendi kwa kazi hii. Yapo membamba kama ukanda wa suruali, yanapendeza, lakini ni tyubu nyingine juu ya tyubu, na ndoano za kuyatoboa ni zile zile. Yanayofyatuka yakiguswa na maji yatakufyatukia kwa maji yaliyorushwa na kambare.

Ukitoka Singidani lisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa zipu na bizimu. Lianike kivulini, kwenye kamba, mabega yote mawili. Na ile firimbi iliyoning'inia kifuani ikague kila safari: nyigu hupenda kuijaza udongo. Ipulize ukiwa bado nyumbani, hata kama majirani watadhani refa amefika.