Picha za Webb Bado Hujaziona

Najua utanibishia. Utasema picha za darubini ya James Webb umeziona tangu Julai 2022, zilipozagaa magazetini, kwenye runinga na katika kila kundi la WhatsApp ulilomo. Utasema ile milima ya rangi ya kutu chini ya anga la buluu uliwahi hata kuiweka kwenye uso wa simu yako. Sawa. Mimi nakwambia hujaziona. Nimetoka sasa hivi kuitazama filamu ya Deep Sky katika ukumbi wa IMAX wa Makumbusho ya Sayansi, London, na moyo bado unanienda mbio. Zile za simuni zilikuwa tangazo tu kwamba picha zipo.

Makumbusho yenyewe yako South Kensington, kuingia ni bure, na ndimo kilimohifadhiwa chombo cha Apollo 10 kilichowapeleka watu watatu kuuzunguka Mwezi mnamo Mei 1969. Ukumbi wa filamu una tiketi yake ya kulipia. Lipa! Skrini ina zaidi ya mita 16 kwenda juu na mita 24 kutoka upande hadi upande. Taa zikizimwa, macho hayapati tena pa kuishia. Ukitaka kuona pembe ya juu, unageuza shingo. Ukitaka kuona ya chini, unaigeuza tena.

Filamu ina dakika 40 tu. Aliyeiongoza ni Nathaniel Kahn, na msimulizi ni mwigizaji Michelle Williams, mwenye sauti ya taratibu isiyotaka kukutisha. Kahn si mgeni wa darubini hii; mwaka 2021 alitoa The Hunt for Planet B, iliyowafuata wanasayansi wake kabla haijarushwa. Kabla ya hapo, mwaka 2003, alitengeneza My Architect, filamu ya kumtafuta marehemu baba yake, msanifu majengo Louis Kahn, kwa kwenda kuyatazama majengo aliyoyaacha, likiwemo bunge la Dhaka. Nadhani hapo ndipo siri ilipo. Mtu aliyemtafuta mzazi wake kwa subira namna ile ndiye hasa unayemtaka akushike mkono mnapokwenda kutafuta ulimwengu ulikoanzia.

Sasa ile milima. Jamani, ile milima!

Wanaastronomia wanaita sehemu hiyo NGC 3324, ukingoni mwa nebula ya Carina, umbali wa miaka ya nuru 7,600 kutoka hapa. Kwenye simu ni kichuguu cha kahawia. Kwenye skrini hii ni ukuta unaokuja juu yako. Vilele virefu zaidi vina urefu wa miaka ya nuru ipatayo saba, na mwaka mmoja wa nuru ni kilomita trilioni tisa na nusu. Akili inakataa, lakini shingo inaelewa, maana unalazimika kuinua kidevu. Juu ya ukuta, nje ya fremu, kuna nyota changa zenye joto kali, na miale yao ya urujuanimno pamoja na pepo zao ndiyo inayouchonga ukuta huo. Ule unaodhani ni mvuke unaopanda kutoka kwenye majabali ni gesi na vumbi vinavyofukuzwa na nyota hizo. Halafu picha inasogea, polepole mno, kuelekea upande mmoja wa jabali, na pale ulipokuwa unaona kivuli tu kunatokeza kidoa chekundu, na kutoka kwenye kidoa hicho mchirizi mwembamba kama uzi umetoka pande mbili. Ni nyota inayozaliwa. Imo ndani ya vumbi, haijatoka bado, na tayari inatema gesi. Mchirizi ule kwenye simu haupo kabisa!

Na si kwamba simu yako ni mbovu. Picha kamili ya Carina ina zaidi ya pikseli milioni 120. Simu inaonyesha milioni mbili au tatu hivi, nyingine zote inazitupa. Hata projekta za leza za IMAX, zenye ubora wa picha wa 4K, haziwezi kuimwaga picha hiyo yote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana uamuzi wa Kahn wa kutambaa ndani ya picha, badala ya kuitundika tu na kuiacha, ni uamuzi wa mtu aliyeijua mali aliyonayo. Anakupitisha bonde kwa bonde. Nyota zilizo mbele zina miali minane, sita mirefu na miwili mifupi, alama inayotokana na umbo la vioo vya Webb na mihimili inayoshikilia kioo kidogo cha mbele. Nyuma ya nyota hizo, ukitazama vizuri, kuna vijidoa visivyo na miali. Hizo ni galaksi nzima.

Kuna watu husema rangi hizi ni za kupaka, eti ni udanganyifu. Hapana. Webb inaona miale ya infraredi, ile ambayo macho yetu hayaipati lakini ngozi inaihisi: jiko la mkaa likishafunikwa na majivu, hulioni likiwaka, ila ukisogeza uso unajua moto umo. Mawimbi mafupi ya miale hiyo yamepewa rangi ya buluu, marefu yakapewa nyekundu, kwa mpangilio uleule wa upinde wa mvua. Wimbo ni uleule, umepandishwa tu mpaka pale sikio la binadamu linapoweza kuusikia. Infraredi ndiyo inayopenya vumbi, na ndiyo maana Webb inawaona watoto wachanga wa nyota ambao Hubble, darubini iliyoitangulia, kwa sehemu kubwa ilikuwa inaona blanketi lao tu.

Nilidhani sehemu ya ujenzi wa darubini ingekuwa ile ya kupumzishia macho kati ya picha na picha. Wapi! Kioo kikuu kina upana wa mita 6.5, na pua ya roketi ya Ariane 5 haikuwa na nafasi hiyo, kwa hiyo kikaundwa kwa vipande 18 vya pembe sita ili kiweze kukunjwa. Kila kipande ni cha berili iliyopakwa dhahabu, na dhahabu yenyewe ni nyembamba kiasi kwamba kwa vioo vyote 18 ilitumika gramu 48 tu. Gramu 48! Kuna mabibi harusi wengi wa Zanzibar wanaovaa zaidi ya hapo shingoni. Kwenye skrini kubwa unaona mafundi waliovaa mavazi meupe kuanzia unyayo hadi utosi wakiwa wamesimama mbele ya dhahabu hiyo, na ndipo unapokijua kipimo cha kitu chenyewe, kwa sababu binadamu yuko pembeni yake.

Kisha kuna kivuli cha jua: tabaka tano za plastiki nyembamba kama unywele, urefu wa mita 21 kwa 14, ambazo zilipaswa kujikunjua zenyewe huko angani bila mkono wa mtu. Hubble ilipokuwa na kasoro, wanaanga walipanda mwaka 1993 wakaitengeneza. Webb ingekuwa umbali wa kilomita milioni moja na nusu. Wahandisi walihesabu sehemu 344 ambazo yoyote kati yake, ikigoma, ingeweza kuiua safari nzima baada ya dola bilioni kumi na zaidi ya miaka ishirini ya kazi. Unajua mwisho wake. Mimi pia niliujua. Hata hivyo nilishika mkono wa kiti.

Roketi iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, siku ya Krismasi 2021, kwetu Afrika Mashariki ikiwa saa tisa na dakika ishirini alasiri, pilau ikiwa bado mezani. Sauti ya ukumbini hapa ni kitu kingine. Ngurumo haiji masikioni. Inakuja kifuani, inapita kwenye kiti, inatokea miguuni.

Na hapa naomba unipe nafasi, kwa sababu kuna jambo kila mtu wa pwani yetu anapaswa kwenda nalo ukumbini. Webb ilipoachana na roketi na kufungua paneli zake za umeme wa jua, mawasiliano ya kuipelekea amri za kwanza yalipangwa kupitia kituo cha Malindi. Ndiyo, Malindi ya Kenya! Ni kwenye kituo cha Waitaliano cha Luigi Broglio. Wala si mara ya kwanza kwa maji ya pwani hiyo kushiriki mambo haya. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na hapohapo, ilirushwa setilaiti ya kwanza kabisa duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksi kutoka angani. Jina lake: Uhuru. Kiongozi wa wanasayansi wake alikuwa Riccardo Giacconi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Giacconi huyohuyo ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya Baltimore inayoziongoza leo Hubble na Webb, na ndiye aliyewahimiza wenzake, katika miaka ya 1980, waanze kuifikiria darubini itakayoirithi Hubble, wakati Hubble yenyewe haijarushwa. Kwa hiyo roketi ilipotikisa kiti changu pale London, nilikuwa namuona mvuvi wa Ghuba ya Ungwana mwaka 1970 akishangaa moto unaopanda kutoka baharini. Uzi ni mmoja.

Zipo filamu nyingine za skrini kubwa zilizotugusa kwa karibu zaidi. Tangu IMAX ilipoanza kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, majumba ya sayansi yameonyesha Africa: The Serengeti ya 1994, Jane Goodall's Wild Chimpanzees ya 2002 iliyotupeleka Gombe, na Kilimanjaro: To the Roof of Africa ya mwaka huohuo. Nzuri zote. Na kwa anga, iliyokuwa ikishika taji ni Hubble 3D ya 2010, ambayo wanaanga waliibebea kamera ya filamu ndani ya chombo chao, yenye filamu ya dakika nane hivi tu. Kwangu mimi Deep Sky imeipita, japo haina hata mwanaanga mmoja wa kutupungia mkono. Sababu ni ile picha ya mwisho nitakayoitaja.

Inaitwa SMACS 0723. Darubini ilikodolea kipande kidogo cha anga kwa saa 12 na nusu, na kipande hicho kikajaa maelfu ya galaksi. Katikati kuna kundi la galaksi ambalo nuru yake imesafiri miaka bilioni 4.6. Jua letu lina umri wa miaka bilioni 4.6. Yaani nuru ile iliondoka huko Jua lenyewe likiwa linafinyangwa, ikawa njiani muda wote ambao Dunia ilikuwa ikipoa, bahari zikijaa, samaki wakija, mijusi mikubwa ikija na kuondoka, hadi kukawa na mtu wa kuipokea. Uzito wa kundi hilo unapinda nuru ya galaksi zilizo nyuma yake, kama Einstein alivyosema, na kwenye skrini ya mita 24 unaiona minyiririko ikizunguka kitovu, myekundu, mirefu, iliyovutika. Baadhi ya nuru hiyo ya nyuma ina zaidi ya miaka bilioni 13. Picha inakuja mbele, galaksi zinakupita kulia na kushoto, na hakuna anayekohoa ukumbini.

Kama kuna nilichotaka zaidi, ni muda kwenye sayari zinazozunguka nyota nyingine. Webb ilikuta kaboni dayoksaidi katika hewa ya sayari WASP-39b mwaka 2022, na habari ya namna hiyo ilistahili kupumua. Muziki nao mara mbili tatu unakwambia ushangae wakati umeshashangaa. Hayo tu.

Nenda. Kaa katikati, theluthi ya nyuma. Mbele kabisa utaumia shingo na nyota zitakuwa na ukungu. Usiiache mpaka itakapokuja kwenye kompyuta, maana huko utarudi kulekule kwenye tangazo. Wenye uwezo wa kuileta Nairobi, Dar es Salaam au Mombasa, kwenye skrini inayostahili, tafadhali ileteni, na watoto wa Malindi wakae safu ya kwanza wakitaka. Mimi nimeshakata tiketi nyingine kwa Jumamosi, naenda na wapwa zangu. Yule mdogo nimemsimulia habari za vioo jana usiku kwa simu, na tangu hapo ana swali moja tu: ile dhahabu ikibanduka, itaanguka wapi?