Mwendelezo na Mrudio: Mipaka ya "hu-", "mfululizo" na "endelevu" katika Kiswahili cha Sheria

Mto Themi hupita katika jiji la Arusha. Gulio la Tengeru, chini ya Mlima Meru, hufanyika kila Jumamosi. Sentensi zote mbili zina kiambishi "hu-", ilhali matukio yenyewe hayafanani: la kwanza halina mapumziko, la pili hukoma na kuanza upya. Kukiita kiambishi hicho cha mazoea na kuishia hapo kunaficha tofauti kati ya mwendelezo na mrudio. Makala haya yanajenga hoja kwamba katika lugha ya sheria tofauti hiyo haiwezi kuachiwa muktadha peke yake.

Miundo mingine ya kitenzi haileti nafuu. "Walikuwa wakimzuilia mtuhumiwa" yaweza kumaanisha kizuizi kimoja kisichokatika, au kukamatwa na kuachiwa mara nyingi. Vielezi navyo vina utata wake. "Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo" haisemi iwapo mvua ilikatika usiku. "Timu ilishinda mara tatu mfululizo" inahesabu matukio matatu mbalimbali. Kinachofululiza hapo ni mpangilio, si tendo. "Mara kwa mara" huonyesha mrudio bila kipimo. Kipimo huletwa na "kila" pamoja na nomino ya wakati.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha. Ibara ya 30(2) ya Mkataba wa Jumuiya humpa mlalamikaji miezi miwili tangu jambo litendeke au tangu alijue. Katika shauri la Independent Medical Legal Unit dhidi ya Kenya, kuhusu matukio ya Mlima Elgon, Divisheni ya Mwanzo ilikataa mwaka 2011 pingamizi kwamba muda ulikuwa umepita. Mwaka 2012 Divisheni ya Rufani ilitengua uamuzi huo, ikikataa hoja ya ukiukaji unaoendelea itumike kuukwepa ukomo huo. Lugha ya Mahakama ni Kiingereza, lakini anayeieleza hukumu hiyo kwa Kiswahili hana budi kuchagua neno.

Neno linalojileta haraka ni "endelevu". Kimaumbo halina kasoro: linafuata njia ya "tulivu" na "vumilivu", yaani sifa iliyonyambuliwa kutoka kitenzi. Kimaana, hata hivyo, "maendeleo endelevu" yamelivika sifa ya jambo jema linalostahili kudumishwa. "Ukiukaji endelevu" basi unakaribia kuusifu uovu unaoshtakiwa. Kishazi "unaoendelea" hakina mzigo huo.

Yaweza kudaiwa kwamba msomaji makini ataelewa vyovyote vile. Dai hilo linatosha kwa habari za gulio, kwa kuwa hakuna anayepoteza haki kwa kutojua kama tendo ni moja au mengi. Mahakamani, idadi ya matendo ndiyo inayoamua siku ya kuanza kuhesabu. Kwa hiyo istilahi tatu zinahitaji kutenganishwa: "ukiukaji unaoendelea" kwa tendo moja lisilokoma, "ukiukaji unaorudiwa" kwa matendo mengi, na "madhara yanayoendelea" kwa tendo lililokwisha ambalo athari zake zimebaki. Kamusi ya sheria itakayoziweka zote chini ya "endelevu" itakuwa imemnyima mlalamikaji njia ya kueleza dai lake.